Sala ya Mdomo wa Kisima

Bwenini, kiwanda cha matofali
Tarehe 6, mwezi wa pili

Kaka,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Mimi mzima, isipokuwa mikono. Siku hizi tunatoa matofali tanurini kabla hayajapoa vizuri, maana malori hayangoji, na glavu tulizopewa zimetoboka vidoleni. Kwa hiyo mwandiko wangu ni wa kuku anayeparura jalalani. Usome hivyo hivyo.

Uliniuliza mbona siku hizi simalizii barua zangu kwa "Mungu akulinde". Nilitaka nikudanganye kwamba nimesahau. Lakini wewe ndiye uliyenibandika jina la Mbishi, na mbishi akiwa tena mwongo ni hasara mara mbili. Kaka, mimi sisali tena. Si uvivu. Siamini kwamba kuna anayesikiliza.

Mwaka jana paa la tanuri moja liliporomoka tukiwa ndani. Aliyefunikwa akafa ni mpanga matofali mmoja, mzee mpole, ambaye kila alfajiri alikuwa akituamsha kwa sala. Jioni wenzangu walipiga magoti wakashukuru kwamba Mungu ametuokoa. Nami nikapiga magoti. Nikiwa pale chini nikajiuliza: na yule alikuwa mtoto wa nani? Swali hilo nimewauliza wengi. Kila mmoja alijibu swali lingine.

Hapa bwenini tuna mchochea moto tunamwita Kwanini, kwa sababu hata ukimwambia habari za asubuhi atakuuliza kwa nini ziwe nzuri. Yeye haamini kitu. Mpinzani wake ni Baba Ibada, mpakiaji kama mimi, ambaye anaamini mpaka soksi zake. Siku ya mapumziko wanakaa kila mtu kitandani kwake wanarushiana maneno, sisi katikati tunashona nguo na kuamua nani kashinda. Usidhani Kwanini ndiye aliyenipotosha. Alinikuta nimeshapotea, akanionyesha tu mahali pa kukaa.

Nakuandikia haya mapema kwa sababu mkataba wangu unaisha mwezi wa nane, na ahadi yetu iko palepale: nirudi tuchimbe visima pamoja, mimi, wewe na rafiki yetu Ngamia. Ila siwezi kusimama mdomoni pa kisima nikafumba macho na kuitikia sala ya marehemu Baba huku moyoni hamna kitu. Nimechoka na mengi, lakini kujifanya kunanichosha kuliko matofali.

Msalimie Shemeji.

Mdogo wako,
Mbishi


Nyumbani
Tarehe 1, mwezi wa tatu

Mdogo wangu,

Barua yako nilimsomea shemeji yako mpaka katikati, halafu nikaanza kujifanya nakohoa. Aliniletea maji. Nikayanywa. Ngamia naye alipouliza, "Mbishi anasemaje?" nikamwambia anakusalimia. Kwa hiyo hesabu mwenyewe: umeacha kusali wewe, uongo nimesema mimi.

Umeniumiza. Sitazunguka. Mama alikubeba mgongoni kwenda nyumba ya ibada kabla hujaota meno, leo unaniandikia kama mtu anayetoa taarifa kwamba amehama nyumba.

Unauliza nani anasikiliza. Mimi nikiwa chini kabisa kisimani, nikiangalia juu naona duara la mwanga dogo kama sahani. Ngamia simwoni. Lakini nikitikisa kamba, kapi linalia na ndoo inapanda. Simwoni, na navutwa. Imani yangu ndiyo hiyo, haina shule zaidi ya hapo.

Na habari ya kuchimba nasi, sharti si langu. Baba alituachia kazi na akaiacha na mlango wake. Asubuhi, kabla mtu hajatia mguu, taa ya chemni inateremshwa kwa kamba mpaka chini. Sala inasaliwa yote, haikatwi. Ikiisha, taa inapandishwa. Ikiwa bado inawaka, tunashuka. Ikiwa imezimika, kuna hewa mbaya, tunakwenda nyumbani. Na asiyesimama kwenye sala hashuki. Unakumbuka alivyomrudisha mjomba nyumbani siku nzima kwa kucheka katikati ya sala, na mjomba alikuwa mkubwa kwake? Sasa mimi nikulegezee wewe kwa kipi, kwa kuwa umejua kuandika barua ndefu?

Fikiri tena. Mgongo wangu si ule. Nakuhitaji.

Mungu akulinde, upende usipende.

Kaka yako


Bwenini
Tarehe 20, mwezi wa tatu

Kaka,

Mfano wako wa kamba niliusoma kwa sauti hapa bwenini. Baba Ibada alipiga makofi. Lakini mimi nakujibu hivi: Ngamia ukimtikisia kamba asipovuta, utajua amelala, na ukitoka utamtukana. Tena ukitoka unamwona, yuko palepale, anakuomba tumbaku. Huyo mwingine akikosa kuvuta, mnasema amevuta kwa namna yake. Yule mzee wa matofali alitikisa kamba kila alfajiri ya maisha yake.

Na hebu niambie jambo moja. Kama Mungu ndiye anayewalinda, taa ya nini? Na kama taa inatosha kuwaambia hewa ni mbaya, sala ya nini? Chagueni moja. Taa naielewa. Inawaka au haiwaki, haina upendeleo, mwema na mwovu inawaambia neno lilelile. Sala ni maneno ya hewani tu mnayomwaga juu ya shimo wakati jua linapanda.

Niliposema hayo Kwanini aligonga kitanda kwa furaha hadi ubao ukavunjika. Baba Ibada akasema, "Kijana, kuna watu huvaa mkanda na suruali imewabana. Waulize wa nini." Bweni zima likanicheka. Nakuandikia na hilo ili usiseme naficha nikishindwa.

Lakini cheko likiisha, Kaka, mimi nabaki na mwezi wa nane. Nikirudi na mlango umefungwa, nitafanya nini? Nikae uani kwako nikuangalie ukiondoka asubuhi na Ngamia, kama mtoto aliyekatazwa? Huku nimezeeka kabla ya siku zangu. Kitu kinachonifanya niinuke kitandani ni kwamba kuna kamba mahali fulani ambayo mwisho wake ungeshika wewe na mwisho wake ningeshika mimi. Usiniweke nje kwa sababu ya maneno.

Mdogo wako,
Mbishi


Nyumbani
Tarehe 11, mwezi wa sita

Mdogo wangu,

Nimekaa kimya muda mrefu. Mwanzo zilikuwa hasira. Kisha mgongo ukanilaza, nikawa naangalia paa mchana kutwa, shemeji yako akinigeuza kama chapati. Mtu aliyelala chali hana pa kuyakimbia mawazo yake. Niliona siku nitakayokufa, na wewe uko huko kwenye moto, na kilichotutenganisha ni mimi kusema lazima uitikie.

Sikubaliani nawe. Ulisikie hilo vizuri. Maneno yako sijayakubali, nimekukubali wewe.

Nilimweleza Ngamia ukweli wote. Nilidhani atatema mate. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Yaani miezi yote hii umebeba hilo peke yako? Mungu si kiziwi hata apigiwe kelele mdomoni pa kisima. Mwache mtoto aje. Kila mtu amwombe wake kimoyomoyo akiwa anashuka, na Mbishi atakuwa anawaza chakula, kama siku zote." Unamjua Ngamia. Amekua nasi tangu tuchezee matope, na mpaka leo haonji tone la maji hadi kisima kitoe.

Basi tumeanza tangu juma lililopita, ili ukifika mkono uwe umezoea na watu wasiseme tumebadilisha kwa ajili yako. Sala ya sauti hakuna tena. Taa chini, taa juu, mtu anashuka. Mwanzoni nilihisi kama nimetoka nyumbani bila shati. Sasa nazoea. Tunaanza kazi jua likiwa bado pole, na Ngamia anasema Mbishi ametuletea faida kabla hajafika.

Tuna kisima kipya nyuma ya karakana ya seremala. Udongo mzuri, mwekundu. Utakikuta kinakaribia maji.

Njoo. Mlango uko wazi.

Kaka yako


Bwenini
Tarehe 25, mwezi wa sita

Kaka,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasimama tena. Wenzangu walidhani kuna msiba. Nikawaambia hapana, ni kaka yangu, amenifungulia.

Kwanini alinipa mkono mbele ya bweni zima kama bwana harusi. Akasema, "Umeona? Ukweli ukikaa juani huota." Sikatai kwamba nilijivuna. Tangu nizaliwe sijawahi kukushinda kwa jambo lolote, iwe mieleka, iwe kuogelea, iwe kula. Mara hii moja nimeshinda, niache nicheke.

Baba Ibada peke yake hakucheka. Alikuwa anakunja blanketi lake. Akaniambia, "Ukimvua mtu koti, muulize kwanza kama ndani ana shati." Nikamwambia kaka yangu ana mashati mengi.

Mwambie Ngamia namletea kofia ya kiwandani, ngumu, ya njano, ili udongo ukimdondokea asiwe na sababu ya kunitukana. Mwambie Shemeji chumba kisipambwe, kifagiliwe tu.

Nakuja, Kaka.

Mbishi


Nyumbani
Tarehe 9, mwezi wa saba

Shemeji,

Ninayeandika ni mimi, mke wa kaka yako. Yeye hawezi kushika kalamu. Kaa chini kabla hujaendelea.

Ngamia amefariki. Tumemzika jana.

Ilikuwa asubuhi, kwenye kile kisima cha nyuma ya karakana. Walikuwa wamepumzika siku chache kwa sababu ya mvua. Walishusha taa, wakaipandisha. Ilipanda inawaka. Kaka yako anaapa, na fundi seremala aliyekuwa pembeni anaapa naye. Ngamia akashuka. Alipofika chini alisema kitu cha mzaha, kaka yako akacheka. Kisha akamuuliza jambo, Ngamia hakujibu. Kaka yako akatikisa kamba. Kamba ikaja nyepesi, Ngamia alikuwa ameshaifungua kiunoni.

Kaka yako alitaka kumfuata. Fundi na vijana wake walimshika, wakamlalia. Aliwauma mikono. Kama si wao, leo ningekuwa nakuandikia habari za watu wawili.

Haongei sana. Usiku na mchana anasema neno moja: "Tuliiacha sala."

Nimekueleza yote kama yalivyo kwa sababu najua wewe hupendi kufichwa.

Shemeji yako


Nyumbani
Tarehe 2, mwezi wa nane

Mdogo wangu,

Sasa naweza kuandika kidogo.

Najua umelia. Ngamia alikuwa wako pia. Sikuandikii ili kukulaumu. Mkubwa ni mimi, ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, nami ndiye niliyefungua. Lakini nataka tusidanganyane. Ulisema taa inatosha. Taa ilipanda inawaka, Mbishi. Niliitazama kwa macho haya. Inawaka vizuri, bila moshi. Na Ngamia akafa. Basi taa haitoshi. Kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinatulinda miaka yote, tukakiambia hatukihitaji, nacho kikasogea pembeni.

Nimepigwa, na ninajua nani kanipiga. Usinionee huruma kwa hilo. Anayekupiga yuko karibu, unaweza kumshika miguu. Kila asubuhi napeleka maji nyumbani kwa Ngamia, nampasulia mjane wake kuni, kisha naenda nyumba ya ibada nakaa mpaka mtunzaji anakuja kufunga. Nalia mle ndani kama mtoto. Nikitoka, napata nguvu za kufika nyumbani. Kesho tena hivyo hivyo. Naona naweza kuishi kwa namna hii.

Nimeirudia sala ya Baba. Sitaikata tena maishani. Nikipona mgongo na moyo, nitachimba nikisali.

Kwa sasa usije. Si hasira. Watu wanasema maneno, na mimi sijui nitakutazama vipi siku ya kwanza. Ongeza mkataba kidogo. Nitakuita.

Mungu akulinde.

Kaka yako


Bwenini
Tarehe 19, mwezi wa nane

Kaka,

Nimeisoma barua yako mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Umeniambia nisije. Nimekubali. Lakini kuna jambo siwezi kulinyamazia, kwa sababu ni la kweli, na kwa sababu sitaki uendelee kuishi chini ya Mungu anayeua Ngamia ili akufundishe adabu wewe.

Haikuwa adhabu. Ilikuwa taa.

Hapa kiwandani, tukiziba matundu ya hewa ya tanuri, moto hauzimiki papo hapo. Unaendelea kwa muda, unakula hewa iliyobaki mle ndani, kisha ndipo unakufa. Taa ya chemni ni tanuri dogo. Ina kioo, na ndani ya kioo kuna hewa nzuri iliyobeba kutoka juu. Ukiitumbukiza kwenye hewa mbaya na kuitoa upesi, itapanda inawaka na itakudanganya. Lazima ikae. Lazima imalize hewa yake ndiyo iseme kweli.

Na ilikuwa inakaa, Kaka. Ilikaa muda wote wa sala ya Baba. Kumbuka ilivyo ndefu: inaombea mvua, kamba, ndoo, wenye kiu, majirani, waliotutangulia. Nilipokuwa mdogo nikishika kamba, niliwahi kuiona taa ikizimika Baba akiwa amebakiza kidogo kumaliza. Hakushtuka. Alimalizia, akasema leo hakuna kazi. Sala ndiyo iliyokuwa ikiipa taa wakati. Ulipoiondoa sala uliondoa na wakati. Taa chini, taa juu, uliniandikia mwenyewe. Uliipandisha mapema mno.

Kwa hiyo hakuna aliyekasirika na wewe huko juu. Acha kujilaza kwenye sakafu ya mtu ambaye hayupo. Nenda kwa mjane wa Ngamia ukiwa umesimama wima.

Nakuandikia kwa upendo.

Mdogo wako,
Mbishi


Nyumbani
Tarehe 14, mwezi wa tisa

Shemeji,

Kaka yako hajui kwamba nakuandikia.

Huwa ananisomea barua zako na kuruka sehemu. Najua, miaka yote najua. Hii alinisomea yote, mpaka salamu. Halafu akachukua taa ukutani, akaijaza mafuta, akatoka. Nilimfuata nikiogopa atajitupa.

Kisima kile wamekifunika kwa mbao. Aliondoa mbao moja, akateremsha taa mpaka chini. Akavua kofia. Akaanza sala ya baba yenu, kwa sauti, taratibu, kama alivyokuwa akiisali siku zote. Niliinama nikaangalia. Kwenye maneno ya mvua taa iliwaka. Kwenye kamba na ndoo iliwaka. Kwenye wenye kiu iliwaka. Alipofika kwa majirani, mwanga ukawa mwekundu. Alipofika kwa waliotutangulia, ukazimika. Yeye hakuacha. Alimalizia mpaka neno la mwisho, mimi nikaitikia peke yangu. Kisha akasema, "Mbishi yuko sahihi." Alilisema polepole tu, kama mtu anayeitikia jina lake likiitwa.

Hajasali tangu siku hiyo. Nyumba ya ibada haendi. Na kwa mjane wa Ngamia haendi. Zamani alikuwa akimwambia, "Tumepigwa sote, dada yangu," wanalia wote wawili, inapita. Sasa atamwambia nini? Kwamba alikuwa na haraka? Kuni zake nampasulia mimi.

Anakula nikimwekea, analala nikizima taa. Nikimwambia aombe, ananitazama kwa upole, ananiambia, "Nimwombe nani, mke wangu, kioo?"

Sisemi ulisema uongo. Umesema kweli tupu. Lakini nimekaa nayo sana ile barua yako na bado sijajua kama ulimwandikia yeye au ulijiandikia wewe. Alikuwa ameshaanza kuinuka, Shemeji. Kwa magoti, lakini alikuwa anainuka.

Shemeji yako


Bwenini
Tarehe 30, mwezi wa tisa

Kaka,

Usiulize nani kaniambia. Nimeambiwa.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Nikikuambia nilikosea kuhusu taa, utajua ni uongo, umeona mwenyewe. Nikikuambia rudi ukasali, nitakuwa namtuma mtu kwenye duka nililolichoma moto mwenyewe.

Kwa hiyo nakuambia lililo langu. Mimi ndiye niliyeshika kamba ile utotoni. Taa niliijua, sala niliijua, na nilishaiona taa ikizimika katikati ya sala. Lakini nilipokuandikia kwamba sala ni maneno ya hewani, sikujiuliza hata mara moja ile sala ilikuwa inafanya kazi gani pale. Nilikuwa na haraka ya kushinda. Kwanini anauliza kwa nini kwa kila kitu, na mimi mwanafunzi wake sikuuliza swali moja lililohitajika. Nilikumbuka Ngamia alipokwisha kufa.

Na ile barua ya mwezi wa nane, nilisema naiandika kwa upendo. Upendo ulikuwamo. Lakini ulikuwamo pia uchungu wa kuambiwa nisije, na hamu ya kusema, umeona, si mimi. Nilidhani nakuondolea mzigo. Nikakuondolea mtu uliyekuwa ukisaidiana naye kuubeba.

Nilimsomea Kwanini barua zote. Mara ya kwanza tangu nimjue hakuuliza kitu. Alikwenda kuchochea moto na zamu haikuwa yake.

Kaka, nisamehe. Sina neno lingine. Mkataba niliuongeza kidogo kama ulivyosema, sasa unaisha, na siongezi tena. Ukisema nije, nakuja. Ukisema nibaki, kuna matofali kila mahali duniani.

Mdogo wako,
Mbishi


Nyumbani
Tarehe 8, mwezi wa kumi na moja

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta. Si maneno. Nitakueleza.

Kisima kile nimekifukia mimi mwenyewe, kwa beleshi, mgongo ukilia. Sasa nambebea fundi seremala mbao. Ni kazi ya juu ya ardhi, inanitosha.

Mjane wa Ngamia alikuja. Alisimama uani akaniuliza, "Nimekukosea nini, mbona huji tena?" Nikamwambia habari ya taa, tangu mwanzo. Nilimwambia niliipandisha mapema. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kuku wakapita miguuni pake. Kisha akasema, "Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu." Akainuka akaenda zake. Nikabaki na ile samahani mkononi kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

Na wewe unaniomba samahani. Ungeniomba zamani, ningekupa kabla hujamaliza kusema, na nisingeona nimetoa kitu, maana haikuwa yangu. Kule kwa Mungu nilikuwa nachota tu na kugawa. Watu walinikosea maisha yangu yote, nikichota, nikigawa, nikidhani mimi ni mtu mwema. Sasa kule hakuna. Nimebaki na kilicho changu mwenyewe, na mimi sijawahi kujua ndani yangu kuna kiasi gani.

Basi nimekuwa nachimba humo. Nachimba kwa uaminifu, Mbishi, kama ninavyojua. Nikikukumbuka mdogo, ukinishikia kamba na pua inakutoka, nadhani nimekaribia. Halafu nakumbuka kamba ilivyokuja nyepesi asubuhi ile, napiga mwamba. Mpaka leo ninavyokuandikia, ni pakavu. Sisemi hakuna. Nasema sijafika.

Njoo nyumbani. Shemeji yako amefagia chumba. Utakula, utalala, mikono yako itapona. Ukitaka kubeba mbao, fundi anahitaji mtu. Tutakaa uani jioni, na kama unataka kubishana juu ya mvua, tutabishana.

Ila usiniulize. Usinitazame usoni kila asubuhi kama mtu anayechungulia shimo. Nikipata maji, nitakuita.

Kaka yako